Hofu Haingoji Majibu

Nilisoma tena Ua la Faraja, riwaya ya William Mkufya, nikiwa kitandani hapa Kiplombe nikisubiri majibu ya vipimo. Ilitoka 2004, dawa za ARV zikiwa bado adimu Afrika Mashariki. Hapa Eldoret mradi wa AMPATH ulikuwa umeanza 2001 tu. Wengi huiita riwaya ya Ukimwi. Mimi naiona ya hofu. Virusi huenda polepole, lakini wasiwasi humla mtu siku ileile: usingizi unapaa, chakula hakishuki, kila kikohozi kinakuwa hukumu. Hapo Mkufya amepatia kabisa.

Kasoro yake? Anapenda mijadala. Mgonjwa saa nane usiku hawezi kubishana falsafa. Kurasa zingine niliziruka, sitadanganya.

Lakini jina lenyewe limesema: faraja, si tiba. Kitabu hakimwahidi mtu kupona. Kinaonyesha kwamba hofu ikisemwa mbele ya mtu asiyekimbia, hupungua uzito.

Nilipokifunga nilimpigia dada yangu simu. Majibu yalikuwa bado. Usingizi, angalau, ulikuja.