Ngoma Moja, Matukio Mengi: Maana ya Kiroho katika Isukuti ya Kakamega

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamezoea kuziainisha nyimbo kwa kufuata matukio: za arusi kando, za jando kando, za maziko kando, na za ibada peke yake. Hata Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alizitengea tungo za maombolezo sura moja na tungo za dini sura nyingine. Utaratibu huo humfaa mwanafunzi, lakini hautoshi kuieleza isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega.

Isukuti ni jina la ngoma, na pia la mchezo unaochezwa kwa ngoma hiyo. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo huandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbishaji huongoza, wanaume na wanawake wakicheza katika safu zao. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ngoma hizo hizo hupigwa mtoto azaliwapo, vijana waingiapo jandoni, watu waoanapo, na mtu afapo. Maneno ya mwimbishaji hubadilika kwa kadiri ya tukio. Mlio wa ngoma ndio udumuo.

Hapo ndipo ilipo maana ya kiroho ya sanaa hii. Mfiwa aisikiapo isukuti nyumbani kwa marehemu hasikii wimbo wa msiba tu, bali husikia mlio aliouchezea arusini na katika furaha za majirani. Ngoma haimwambii kwamba kifo si kitu. Humwonyesha kwamba kifo nacho kimo katika mfululizo mmoja na kuzaliwa. Hayo hayasemwi na ubeti wowote peke yake. Husemwa na uhusiano wa tukio na tukio. Mwaka 1969 John Mbiti alidai kwamba katika maisha ya jadi ya Kiafrika hakuna mpaka rasmi kati ya mambo ya dini na yasiyo ya dini. Dai hilo ni pana mno. Isukuti yaonyesha njia mojawapo ya kuufuta mpaka huo.

Yaweza kupingwa kwamba ngoma ipigwayo hata michezoni na katika mikutano ya hadhara haiwezi kuwa na utakatifu. Pingamizi hili lina uzito, ila lathibitisha kwamba utakatifu haumo katika gogo lililochongwa. Umo katika kumbukumbu za watu wanaojuana, waliokwisha kuchezeana katika heri na katika shari.

Kwa hiyo hatari iliyopo ni kubwa kuliko kupotea kwa nyimbo. UNESCO iliiingiza isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na vifaa vya kutengenezea ngoma ni haba. Jukwaa la tamasha laweza kuyahifadhi mapigo. Haliwezi kumpa msikilizaji arusi na maziko aliyoyasikia mapigo hayo. Mkusanyaji anayeandika wimbo wa maziko hana budi kuuliza pia ngoma ile ililia wapi kabla ya siku hiyo, na kwa ajili ya nani.