Hewa Ipite, Kelele Ibaki

Februari na Machi, joto la Garissa hupanda kupita nyuzi 35, na katika wadi ya Iftin ukumbi usio na feni haukaliki. Lakini feni kubwa inayosukuma hewa kupitia njia za bati darini husukuma na mvumo wake pia. Kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ya fundi wa mifumo ya hewa, na chombo anachokitegemea ni kipunguza sauti. Namna anavyokichagua inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Fundi stadi hakimbilii bei. Anaanza na feni yenyewe. Anasoma kibao kilichopigwa riveti ubavuni mwake, anahesabu mapanga, kisha anapiga hesabu daftarini: mapanga 6, mizunguko 1,440 kwa dakika, hiyo ni mipigo 144 kwa sekunde. Ameshajua kishindo kikubwa kitaangukia wapi: kwenye bendi ya hezi 125, sauti nzito inayotikisa dari.

Ndipo anatoa mita ya sauti. Namba moja ya jumla haimtoshi. Anapima bendi 8, moja baada ya nyingine, kuanzia hezi 63 hadi 8,000, na kuziandika kwa safu. Pembeni anaandika kiwango kinachotakiwa chumbani. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka eneo la hospitali lisizidi desibeli 40 mchana na 35 usiku, kwa hiyo wodi haipimwi kama duka. Kisha anatoa safu moja kutoka nyingine. Tuseme kwenye hezi 125 amepata desibeli 60 na lengo ni 48: pengo ni 12. Kwenye hezi 2,000 amepata 30 na lengo ni 27: pengo ni 3 tu. Sasa anajua anatafuta nini.

Kipunguza sauti ni sanduku la bati. Ndani yake zimesimamishwa kuta nene za sufi ya mawe, zimefunikwa kitambaa cha nyuzi za kioo na bati lenye matundu madogo. Hewa hupita katikati ya kuta. Sauti huzama kwenye sufi na kugeuka joto kidogo sana. Wimbi la hezi 4,000 lina urefu wa sentimita 9 hivi, nalo hukamatwa upesi. Lile la hezi 125 linakaribia mita 3, na ukuta mwembamba haulisumbui. Kwa pengo la 12 huko chini, fundi anachagua kuta nene na sanduku refu.

Hapa ndipo subira yake inapoonekana. Akibananisha kuta, kelele inapungua zaidi, lakini feni inapata shida kupumua. Kasi ya hewa ikiongezeka maradufu, ukinzani unakuwa mara 4, na hewa yenyewe inaanza kufoka ndani ya chombo kilichowekwa kuinyamazisha. Kwa hiyo anarudia hesabu, anapanua sanduku, anarudia tena. Hanunui desibeli asizozihitaji.

Anafikiria na vumbi la Garissa. Vumbi likijaa kwenye matundu, sufi haimezi tena, hivyo chujio hutangulia. Kwa wodi, anadai sufi ifungwe ndani ya utando mwembamba wa plastiki, chembe zake zisije zikapeperushwa juu ya wagonjwa.

Mwisho ni mahali pa kuweka kipunguza sauti. Hakibandiki mdomoni mwa feni, hewa inapozunguka ovyo, wala kwenye kona. Anatafuta kipande kilichonyooka karibu na ukuta wa chumba cha mashine, ili kelele isiingie upya baada ya kupunguzwa. Kati ya feni na njia anaunganisha kipande cha turubai, na chini ya feni anaweka mipira, kwa sababu mtikisiko unaosafiri ndani ya bati hauzuiliki kwa sufi. Viungo anavipaka silikoni na kuvikagua kwa vidole, maana ufa mdogo unatosha kuharibu hesabu yote.

Kazi ya namna hii ikifanywa vizuri, wenye ukumbi hawaioni wala kuisikia. Basi ukijenga Iftin au popote penye joto, mwite fundi huyu ramani ikiwa bado mezani. Dari ikishafungwa, nafasi ya sanduku refu haipatikani tena.