Jicho lisilojua kusamehe

Mwaka 2013 mwandishi mmoja wa Marekani, Dave Eggers, alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho The Circle. Kwa Kifaransa chaitwa Le Cercle. Si kitabu cha kuwapa watoto, maana mna mambo machafu ndani yake. Lakini twaona yafaa wakristu wazima wajue habari zake, kwa sababu jambo linalosimuliwa humo limekwisha kuingia katika nyumba zetu, ndani ya simu tunazozishika mkononi.

Hadithi ni hii. Msichana jina lake Mae anapata kazi katika kampuni kubwa ya intaneti. Wakubwa wake wanafundisha ya kwamba mtu mwema hana haja ya kuficha neno, na ya kwamba kuficha ni kuwaibia wenzako. Wanatawanya kamera ndogo ndogo duniani kote. Usiku mmoja Mae anachukua mtumbwi wa watu bila ruhusa, kamera zinamwona. Baadaye anapandishwa jukwaani, anaungama kosa lake mbele ya wafanyakazi wenzake. Tangu hapo anavaa kamera kifuani, na watu kwa mamilioni wanamtazama mchana kutwa.

Kwa mkristu, maungamo hayo ni Sakramenti ya Kitubio iliyopinduliwa juu chini. Sisi twaungama kwa padri mmoja, naye hufunga kinywa chake mpaka kufa. Kanisa lalinda siri hiyo kwa ukali: hata sheria yake ya adhabu, iliyotengenezwa upya mwaka 2021, yamwadhibu anayenasa kwa mashine maneno ya kitubio au kuyatangaza. Mungu akisha kusamehe, deni limefutwa. Jukwaani pale watu wanapiga makofi, lakini hakuna aondoaye dhambi. Kosa linawekwa tu katika mashine, likae milele.

Labda mtu atatujibu kwa methali: Mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini mama humfunulia mkunga, halifunulii soko zima. Mkunga aona ili asaidie, kisha hunyamaza. Soko laona ili licheke. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wakubwa wa Mae hawataki kuijua.

Sehemu iliyo bora katika kitabu ni habari za Mercer, kijana aliyekuwa mchumba wa Mae zamani. Yeye hutengeneza taa kwa pembe za wanyama, na hataki kutazamwa, anahama, anajificha. Mae anawahimiza watazamaji wake wamtafute, na kwa dakika chache wanampata. Wanamfukuza kwa magari na kwa droni, huku wakicheka na kumwita awe rafiki yao. Mercer anaelekeza gari lake nje ya daraja, anakufa. Walio wengi katika wale waliomfukuza hawakumchukia. Walitaka kuona tu.

Lakini kitabu kina kasoro. Mae anameza kila neno la wakubwa wake upesi mno, hata ni vigumu kumsadiki. Mercer naye mara nyingi anahubiri kuliko kuongea. Tena mwandishi anatwika kampuni mzigo mkubwa mno wa lawama. Kampuni zina hatia yao, maana hufanya biashara kwa habari zetu. Serikali nazo zina kazi yao. Hapa kwetu Kongo ilitolewa tarehe 13 Machi 2023 Sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo yalinda pia habari za mtu binafsi. Lakini ni kampuni gani iliyotutuma kupiga picha ya mgonjwa kitandani, au ya maiti kabla ndugu zake hawajapata habari? Ni nani aliyetulazimisha kupeleka kwa marafiki hamsini ugomvi wa mume na mke wa jirani?

Wengine husema, «Si uongo, ni jambo la kweli.» Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha juu ya Amri ya nane ya kwamba kufunua makosa ya mwenzako kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni dhambi, hata kama makosa yenyewe ni ya kweli. Zamani masengenyo yalifika mwisho wa kijiji. Leo yafika ng'ambo ya bahari kabla ya jua kuchwa, wala hakuna awezaye kuyarudisha.

Kitabu kinakwisha Mae akikaa karibu na kitanda cha rafiki yake Annie, aliyezimia. Anakasirika kwa kuwa hawezi kuyaona mawazo yaliyo kichwani mwake. Mungu peke yake ndiye aonaye mpaka huko, naye aona kama Baba. Sisi tusijitwalie kiti chake. Basi, wakristu wenzetu, kabla ya kupeleka picha ya mtu, tumwulize kwanza mwenyewe. Na kama hawezi kujibu, kwa ugonjwa au kwa kufa, tuifute.