Jicho la Kumsoma Tumbusi

Tumbusi hana haraka ya asubuhi. Hukaa mtini mpaka jua lipashe ardhi na hewa ya moto ianze kupanda, ndipo ajiachie angani. Wanaowahesabu kule Masai Mara au Ruaha nao hufuata saa zake, darubini mkononi.

Kwa mgeni, kundi lililovamia mzoga wa nyumbu ni vurugu tupu ya shingo na mabawa. Mjuzi huanzia usoni. Mdomo mweusi na jicho jeusi: tumbusi mgongo-mweupe. Mdomo wa rangi ya pembe, jicho la manjano iliyofifia, manyoya yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki: huyo ni wa Rüppell, tena mzima, kwa kuwa kinda lake nalo lina mdomo mweusi na huwasumbua hata wazoefu. Ninachokihusudu zaidi ni usomaji wa tumbusi kichwa-cheupe. Jike ana manyoya meupe upande wa nyuma wa bawa, karibu na kiwiliwili, dume hana. Ndege yuko juu kabisa, na mtu aliyesimama kando ya gari anakutajia jinsia yake! Kisha hutazama gole. Likiwa limetuna, ndege ameshakula, na mzoga hauko mbali.

Usomaji huo huo ndio unaowaponza tumbusi. Jangili anajua kwamba ndege wakizunguka, askari wa wanyamapori watakuja, kwa hiyo hutia sumu kwenye mzoga wa tembo. Mwaka 2019 huko Botswana tumbusi 537 walikufa katika tukio moja. Kwingine sumu hutegewa simba aliyeua ng'ombe, na tumbusi ndio wanaowahi. Ndege hawa hutaga yai moja tu, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa.

Siku hizi baadhi yao hubebeshwa kifaa cha setilaiti mgongoni. Nukta kwenye ramani ikiganda mahali pasipo mti wa kulala, timu hukimbilia huko. Mizoga yote huchomwa ili fisi na mbweha wasiendeleze vifo. Lakini kabla ya kiberiti, mtu huchuchumaa juu ya kila ndege, akageuza kichwa, akakunjua bawa, akaandika aina na umri. Mzima akifa msimu wa kulea, huenda kuna kinda kiotani lililobaki na mzazi mmoja.