Na Kama Angekosa Goli?

Kuna kitabu cha picha kinachopendwa sana na watu wanaosomea watoto: *Andiswa Soccer Star*, cha Eden Daniels. Unakimaliza kabla chai haijapoa. Andiswa anawatazama wavulana wakicheza mpira na kutamani kuwa mmoja wao, basi anamwendea kocha. Kocha anashika kiuno na kumwambia kwamba katika shule hii mpira ni wa wavulana peke yao. Wavulana nao wanamwambia akacheze netiboli. Kesho yake kuna mechi kubwa, mchezaji bora ni mgonjwa, kocha amebanwa. Andiswa anaomba tena, anaingizwa, na kipindi cha pili anatia bao wavuni. Uwanja unalipuka. Tangu siku hiyo, wasichana wanaruhusiwa kucheza.

Kitabu ni kizuri, hilo sibishani nalo. Kina mwendo, na binti yeyote aliyewahi kuambiwa "hiyo si yako" kitamgusa. Ugomvi wangu ni na ukurasa wa mwisho.

Nilikisoma likizo ya Desemba huko kwetu Ikonge, Kaunti ya Nyamira. Watoto saba walibanana kwenye kochi la watu watatu, wote wakikodolea macho simu yangu moja. Vitabu vya aina hii siku hizi havihitaji duka. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, umekuwa ukiviweka mtandaoni bure tangu 2014, tena kwa leseni inayokuruhusu kutafsiri na hata kuandika upya. Kwa sehemu ambazo kitabu cha pekee nyumbani ni Biblia na kile cha mazoezi ya Hisabati, si jambo dogo. Nilisoma kwa Kiswahili, wao wakabishana kwa Ekegusii. Bao lilipoingia walipiga kelele kana kwamba ni Shabana wamefunga. Kisha binti mmoja wa jirani, ambaye kila wakicheza huwekwa golini kwa sababu hakuna anayetaka kumpasia, akauliza: "Anti, na kama angekosa goli?"

Wavulana walijibu kwa pamoja, bila hata kufikiria: "Angetolewa!"

Na wako sahihi. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema, tena kwa sauti kubwa kuliko kilivyokusudia. Sheria ya shule ile haikubadilika kwa sababu ilikuwa mbovu. Ilibadilika kwa sababu Andiswa alileta ushindi. Cha kuchekesha zaidi (au cha kuudhi, inategemea umeamkaje) ni kwamba kitabu chenyewe kinatuambia hakuna aliyekuwa amefunga hadi mapumziko. Wavulana walikimbia kipindi kizima wakatoka mikono mitupu, na hakuna aliyewaambia waende netiboli. Mvulana ana haki ya kucheza vibaya. Msichana ana haki ya kucheza vizuri tu. Sasa huyo golikipa wetu wa Ikonge, ambaye nakuhakikishia hajui mpira hata kidogo, anaondoka na somo gani?

Tuje nyumbani. *Sakima's Song* imeandikwa na Mkenya mwenzetu, Ursula Nafula, na kama kazi ya sanaa naiweka juu ya ile ya Andiswa. Sakima alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka mitatu. Wazazi wake ni vibarua kwa tajiri: wanatoka alfajiri na kurudi usiku, yeye anabaki na dadake wa miaka minne. Dada akisikia njaa, Sakima humwimbia. Hapo Nafula anafanya kitu ambacho vitabu vingi vya watoto vinaogopa kufanya. Anaitaja njaa na kuiacha ilivyo, haleti sahani. Kisha mtoto wa tajiri anapotea, tajiri anazama katika huzuni, na Sakima anasema ataenda kumwimbia. Wazazi wake wenyewe wanamkatisha tamaa: yule ni mtu mkubwa, na wewe ni mtoto kipofu tu. Sentensi kama hiyo kutoka kinywani mwa wazazi, kwenye kitabu cha watoto, inahitaji ujasiri. Wengi wangeipachika kwa jirani mwenye roho mbaya. Nafula anajua kwamba dharau huanzia jikoni kwa watu wanaokupenda.

Sakima anaenda, anaimba chini ya dirisha, tajiri anatoka mbio kumsihi aimbe tena. Mtoto aliyepotea analetwa akiwa kwenye machela. Halafu, kwa zawadi, tajiri anampeleka Sakima hospitalini pamoja na mwanawe ili apate kuona tena.

Hapo mimi hukunja uso. Kurasa zote tumekuwa tukijifunza kwamba mtoto huyu hajapungukiwa na kitu, halafu ya mwisho inamtengeneza. Msomaji mdogo asiyeona, au mwenye kakake asiyeona, anaambiwa nini? Kwamba ukiimba vizuri sana, na mbele ya mtu mwenye pesa za kutosha, utapona na kuwa kama sisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Haisemi awe na kipaji.

Isionekane ni tatizo letu peke yetu. *The Rainbow Fish* cha Marcus Pfister wa Uswisi, cha 1992, kimezunguka dunia nzima kikifundisha kwamba samaki mwenye magamba ya kung'aa hapati marafiki hadi awagawie magamba hayo mwilini mwake, moja baada ya jingine. Kocha anataka bao, tajiri anataka wimbo, samaki wanataka ngozi yako. Kila mlango una bei yake, na vitabu hivi vinamsifu mtoto kwa kuilipa badala ya kumuuliza mwenye mlango ni nani alimpa funguo.

Najua jibu la waandishi. Hadithi inahitaji tukio. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa akisikiliza mahubiri ya haki, anataka mpira uingie wavuni. Nakubali, na ndiyo maana sitaki vitabu vya mahubiri, maana hivyo navyo tunavyo vya kutosha, vile vya "Musa na Juma ni marafiki, wewe pia uwe rafiki mwema". Bora Andiswa mara kumi. Lakini tukio si lazima liwe malipo.

Angalia *Handa's Surprise*, cha Mwingereza Eileen Browne, cha 1994, ambacho kimewekwa kwa majirani zetu Waluo. Handa anajitwika kikapu cha matunda saba kumpelekea rafikiye Akeyo. Njiani wanyama wanamwibia moja moja, nyani anaanza na ndizi, hadi kikapu kinabaki kitupu na yeye hana habari. Kisha mbuzi aliyekata kamba anaugonga mti wa machenza, yanamwagika kikapuni, na Handa anafika na mzigo ambao hata yeye unamshangaza. Akeyo anafurahi: chenza ndilo tunda analolipenda kuliko yote. Mimi nina malalamiko yangu kuhusu tembo na twiga wanaorandaranda njiani kana kwamba huku ni mbugani. Watoto wa Ikonge, ambao mnyama mkubwa kuliko wote wanaomjua ni fahali, walicheka sana hapo. Ila tazama urafiki wenyewe. Akeyo hajafanya lolote. Hajashinda mechi, hajamtibu mtu huzuni, kazi yake kitabuni ni kuwa Akeyo. Na Handa angefika na kikapu kitupu, sidhani kuna mtoto hata mmoja anayeamini kwamba angefukuzwa.

Wale wavulana waliosema "angetolewa" wanajua mapenzi ya aina hii, wasijifanye. Ni watu wa Shabana hao. Timu ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka na miaka hadi iliporudi 2023, na muda wote huo kuna wazee walioendelea kuivalia jezi. Kilio cha mashabiki wake, *Tore Bobe*, kwa Kiswahili cha haraka ni kama kusema "tuko vibaya", na wanakiimba kwa fahari. Unaweza kuipenda timu isiyofunga. Mbona mtoto asiyefunga iwe shida?

Basi, kwa kuwa leseni inaruhusu, nimeanza kuandika *Andiswa* nyingine kwa ajili ya wale saba. Ndani yake anapiga, mpira unapita juu ya mwamba na kuangukia shamba la majani chai. Mechi inaisha sufuri kwa sufuri. Bado sijajua kocha aseme nini, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu sasa lazima aseme jambo badala ya kushangilia tu.

*Sakima* sitaigusa sana. Ningekata ile safari ya hospitali, basi, kwa sababu rafiki niliyekuwa nikimtafuta katika vitabu hivi vyote tayari yumo mle ndani. Ni yule dada wa miaka minne. Wazazi waliposema haiwezekani, yeye alimuunga mkono. Asubuhi yake alimshika mkono kakake, akamwongoza hadi chini ya dirisha la tajiri. Hakuna aliyemwahidi kitu. Zawadi zinapotolewa mwishoni, maandishi hayamtaji, na hata jina hakupewa.