Misonobari Juu ya Mchanga

Nimerudi sasa hivi kutoka karibu na Baraboo, Wisconsin, Marekani, viatu bado vina mchanga, na kulala siwezi kabla sijawaambia: jamani, nendeni!

Mwaka 1935 Aldo Leopold, profesa wa wanyamapori, alinunua huko ekari 80 kando ya Mto Wisconsin. Shamba lilikuwa limekwisha. Mahindi yalikuwa yamemaliza rutuba, nyumba imeungua, kimebaki kibanda cha kuku kilichojaa samadi. Yeye, mkewe na watoto wao watano wakazoa samadi, wakajenga meko, na wikendi wakawa wanalala humo. Kibanda kingali kimesimama! Nimepitisha kiganja kwenye mbao zake za kijivu, nikasisimka mwili mzima.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni misonobari. Kila masika familia ilishika koleo na miche. Ile ya mwaka 1936 karibu yote ikauawa na ukame. Wakapanda tena, na tena, mpaka ikapita 40,000. Leo njia inapita katikati ya mashina ambayo sikuweza kuyakumbatia yakanitosha. Majani yake membamba kama sindano yametandaza mkeka mzito hata hatua zako huzisikii. Nilichutama nikaufukua kwa vidole: chini yake tu, mchanga mtupu, ule ule uliomshinda mkulima aliyemtangulia Leopold. Msitu mzima juu ya mchanga!

Ukitoka msituni unaingia kwenye uwanda wa nyasi za asili uliorudishwa, nyasi zinakupita kimo, maua ya manjano yako juu ya kichwa chako. Huchomwa kwa mpango, vichaka visije vikaumeza. Moto hapa una historia nzito: Aprili 1948 Leopold alifariki akisaidia kuzima nyasi zilizowaka kwa jirani. Watoto wake wakaanzisha taasisi mwaka 1982, ndiyo inayoitunza ardhi hii, na kituo cha wageni cha mwaka 2007 kimejengwa kwa misonobari waliyoipanda wenyewe. Ingieni, tazameni zile nguzo!

Jioni nilikaa ukingoni mwa mto. Korongo wawili wakapita chini chini, sauti yao kama kokoto ndani ya debe. Novemba hukusanyika kwa maelfu kwenye mafungu ya mchanga kabla ya kwenda kusini. Likizo nimeshaomba.