Leseni, Bure na Huria: Istilahi za Programu katika Kompyuta za Msaada

Katika hati za kukabidhi kompyuta maskulini, istilahi tatu zinahitaji kuhakikiwa: leseni, bure na huria.

Tuchukue mfano. Hoteli ya ufukweni Kendwa, Kaskazini Unguja, yabadilisha kompyuta zake na kuzikabidhi skuli ya jirani "bure, pamoja na programu zake". Kauli hii haitoshi. Mashine ni hiba, na mpewa amekwisha kuimiliki. Programu haimo katika hiba hiyo. Windows iliyouzwa pamoja na mashine huweza kuhama nayo, mradi hati na lebo yake zikabidhiwe pia. Lakini programu iliyonunuliwa na mtoaji kwa mkataba wa jumla wa shirika lake hubaki kwake, naye hana budi kuifuta. Mwalimu mkuu asiyeelezwa haya huvunja hakimiliki pasi na kukusudia.

Neno leseni lenyewe huchangia utata. Mtumishi wa serikali huelewa leseni kuwa ni kibali cha udereva au biashara, kitolewacho na mamlaka. Hapa mwenye kuruhusu ni mwenye mali, na aruhusucho ni matumizi tu. Twaona kwamba idhini ya matumizi yafaa zaidi.

Bure nalo hutumiwa vibaya kwa programu kama Linux na OpenOffice.org, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Bure ni habari ya bei. Jambo lenyewe ni haki ya kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa. Huria lafaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutoza ada, wala hapana adaiye kuwa jina lake limemdanganya.

Hata hivyo, huria halielezi sharti moja. Kwa masharti ya GNU yaliyotolewa mwaka 1989, agawaye programu aliyoibadili hulazimika kuigawa kwa masharti yale yale. Dhana ya wakfu iko karibu: manufaa ni ya wengi, na hapana awezaye kuyafungia kwake. Hatupendekezi wakfu liwe istilahi, maana wakfu hauuzwi ilhali programu hiyo huweza kuuzwa. Lakini kwa kufafanulia, mfano huo watosha.

Basi hati ya makabidhiano itaje mambo mawili mbalimbali: hiba ya mashine, na idhini ya kila programu iliyomo.